Taslimu au malimbikizo? Kuchagua daftari la biashara ya nyumbani Lamu

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, binti wa hapa Langoni, alinijia likizoni na madaftari mawili mkononi. La kwanza lilikuwa la chuo, limejaa debiti na krediti kwa wino mwekundu na wa buluu. La pili lilikuwa la mamake, ambaye huuza mahamri na mbaazi barazani kila asubuhi. Ndani yake mna tarehe, pesa iliyoingia na pesa iliyotoka, basi. "Mwalimu," akasema, "chuoni tumefundishwa kwamba hesabu za kweli ni za malimbikizo. Nikamwambia mama abadilishe daftari lake, akanifukuza jikoni. Mimi na yeye, nani amekosea?"

Nilimwambia mamake hajakosea. Lakini lau swali lile lile ningeulizwa na mtoto wa fundi milango, jibu lingegeuka. Ndiyo maana nimeona niyaweke madaftari haya mawili sambamba, kwa ajili ya yeyote anayesoma biashara na nyumbani kwao kuna kibanda, chombo, karakana au vyumba vya wageni. Mali bila daftari hupotea bila habari, hilo tumelisikia tangu utotoni. Ambalo hatukuambiwa ni daftari lipi.

Tuelewane maneno kwanza. Hesabu za msingi wa taslimu huandika tukio siku ile pesa inapobadilisha mkono. Noti, sarafu, M-PESA, hundi iliyoiva, zote ni taslimu. Pesa haijaingia, hujauza; pesa haijatoka, hujatumia. Hesabu za msingi wa malimbikizo huandika mapato siku ulipoyastahiki, yaani siku ulipomkabidhi mteja kitu chake au ulipomaliza kazi yake, awe amelipa leo, atalipa mwezi ujao au alishalipa mwezi uliopita. Na gharama huandikwa katika kipindi kile kile cha mapato iliyosaidia kuyaleta, hata kama noti zilitoka siku nyingine.

Wanafunzi wengi huchanganya malimbikizo na maingizo mawili. Ni vitu viwili. Maingizo mawili ni namna ya kuandika: kila tukio lina upande wa debiti na upande wa krediti, na pande hizo sharti zilingane. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Kiitalia, alipoyaeleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, alikuwa anaandika desturi ambayo wafanyabiashara wa huko walikuwa nayo tayari. Taslimu na malimbikizo ni swali la wakati: tukio liandikwe lini? Mtu aweza kabisa kuandika taslimu kwa maingizo mawili, na wako wanaojaribu malimbikizo kwa ingizo moja, wakapotea njiani.

Sisi wa Lamu tuna mahali petu pa kulianzia swali hili. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani na ambayo wengi huijua kwa jina la aya ya deni, inawaamuru wanaokopeshana kwa muda maalumu waandike, pawe na mwandishi muadilifu na mashahidi, wala wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa, mpaka muda wake. Kisha inatoa jambo moja nje ya amri hiyo: biashara ya papo kwa papo, ya mkono kwa mkono, si vibaya isipoandikwa. Huisomesha aya hii pamoja na somo la malimbikizo, kwa sababu mpaka inaouchora ndio mpaka ninaoutumia mimi kuchagua daftari. Palipo na muda baina ya kukabidhi na kulipa pana deni, na deni linataka ukurasa wake. Pasipo na muda, ukurasa wa pesa watosha.

Mama wa mahamri, basi. Jioni ananunua unga, sukari, nazi, iliki na mafuta; usiku anakanda; alfajiri anaanza kuuza, na ikifika saa tatu sufuria ni tupu. Kilichoingia mkebeni ukitoa kilichotoka ndiyo faida yake, au karibu sana na faida yake. Ukimfanyia malimbikizo utafika kwenye namba ile ile kwa kazi mara tatu. Nusu mfuko wa unga uliobaki mwisho wa mwezi hautabadilisha uamuzi wowote atakaoufanya. Huyo ni wa taslimu, na asisumbuliwe.

Sasa ingia karakana ya milango, kanyaga maranda, usome nami mwezi mmoja. Namba nimezitunga kwa kufundishia, ila mpangilio wake ni wa karakana yoyote ya mji huu.

Mwezi ni Novemba. Wateja watatu wameagiza milango ya kuchonga, bei shilingi 150,000 kila mmoja, na kila mteja ametanguliza arabuni ya 60,000. Milango itakabidhiwa Januari na Februari. Viti vinne vimeuzwa na kulipwa papo hapo, 12,000 kila kimoja. Samadari mbili, vile vitanda vya mbao, zimepelekwa Shela kwa mashua na kukabidhiwa mwenye nyumba ya wageni, 35,000 kila moja. Atalipa mwisho wa Desemba. Upande wa matumizi, mbao za 60,000 zimenunuliwa kwa pesa mkononi. Nusu yake imeingia kwenye viti na samadari, nusu imesimamishwa ukutani ikingoja milango. Kodi ya karakana imelipwa ya miezi mitatu kwa pamoja, 30,000, Novemba hadi Januari. Mafundi wamelipwa 40,000, na kijana wa msasa anadai 6,000 za wiki ya mwisho. Tarehe 1 ilinunuliwa randa ya umeme kwa 48,000, nayo yatarajiwa kufanya kazi miaka 4.

| Novemba (shilingi) | Taslimu | Malimbikizo |
|---|---|---|
| Arabuni ya milango 3 | 180,000 | 0 |
| Viti 4 | 48,000 | 48,000 |
| Samadari 2 za Shela | 0 | 70,000 |
| Mbao | −60,000 | −30,000 |
| Kodi ya karakana | −30,000 | −10,000 |
| Ujira | −40,000 | −46,000 |
| Randa ya umeme | −48,000 | −1,000 |
| Kilichobaki | 50,000 | 31,000 |

Karakana ni moja, mwezi ni mmoja, majibu mawili, na yote mawili ni kweli. La kwanza linajibu swali "mkebeni mna kiasi gani zaidi kuliko mwanzo wa mwezi?" La pili linajibu "kazi ya mwezi huu imetuzalia nini?" Makosa huja mtu anapouliza swali la pili akasoma jibu la kwanza.

Mstari wa kutazama sana ni wa arabuni. Katika taslimu ni mapato mazuri kuliko yote ya mwezi. Katika malimbikizo si mapato hata shilingi moja. Ni dhima, deni ambalo karakana inadaiwa na wateja watatu, na litakaa upande wa madeni kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, mpaka kila mlango utakapokabidhiwa. Fundi akianguka akaugua kesho, ile 180,000 ni ya kurudishwa. Siku mlango wa kwanza utakapopandishwa punda ndipo 60,000 yake itatoka upande wa madeni iingie kwenye mapato, pamoja na ile 90,000 iliyobaki.

Randa nayo inawatatiza wanafunzi. Pesa imetoka yote 48,000, mbona gharama ni 1,000 tu? Kwa sababu randa haikuliwa Novemba. Miaka 4 ni miezi 48, na kila mwezi unabeba fungu lake. Huo ndio uchakavu. Ila hapa nawaomba wanafunzi wasimeze namba ya kitabuni bila kutafuna. Mji wetu umezungukwa na maji, na hewa ya chumvi hula chuma. Fundi akikwambia mashine kama hiyo humfia baada ya miaka 2, mwamini fundi: uchakavu uwe 2,000 kwa mwezi. Kodi ya karakana ni hivyo hivyo: 10,000 imetumika, 20,000 ni haki ya kukaa Desemba na Januari, kwa hivyo ni mali bado. Na kijana wa msasa, ingawa hajalipwa, jasho lake limo ndani ya samadari zilizokwenda Shela. Gharama yake ni ya Novemba.

Sasa daraja la kutoka namba moja kwenda nyingine, na hapa ningemtaka mwanafunzi atoe karatasi aandike mwenyewe. Anza na faida ya 31,000. Ongeza 180,000 ya arabuni, kwa sababu pesa iliingia bila kuhesabiwa mapato. Ongeza 6,000 ya kijana wa msasa, gharama ambayo haijatoka mkebeni, na 1,000 ya uchakavu, gharama isiyotoka mkebeni kabisa. Toa 70,000 ya Shela, mapato ambayo hayajaingia. Toa mbao za 30,000 zilizosimama ukutani, toa 20,000 ya kodi ya miezi ijayo, toa 48,000 ya randa. Unafika 50,000 kamili. Hesabu hii ndogo ndiyo taarifa ya mtiririko wa fedha inayowatoa watu jasho kwenye mitihani, na mwenye kuijenga mara moja kwa mbao na milango hataisahau.

Halafu fanya jambo moja zaidi: futa arabuni. Tuseme wateja wote watatu walisema watalipa siku ya kukabidhiwa. Faida inabaki 31,000, haitikisiki. Lakini mkebe, badala ya kuzidi 50,000, umepungukiwa 130,000. Yaani karakana hii inayopata faida inaendeshwa kwa pesa za watu ambao milango yao haijaanza kuchongwa. Daftari la taslimu peke yake halikwambii hilo. La malimbikizo peke yake halikwambii pia. Unaliona unapoyaweka pamoja.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limepita nyumbani kwetu. Ami yangu alikuwa fundi wa milango, mkono wake ukijulikana. Mwaka mmoja alipokea arabuni nyingi mfululizo kabla ya msimu wa wageni. Akaezeka nyumba upya, akamwoza kijana wake, na kila siku akiandika kwenye daftari lake la kurasa 96 kilichoingia na kilichotoka, bila kukosa hata siku moja. Daftari lilikuwa safi. Januari muuza mbao akataka pesa mkononi, na mkebe mtupu. Ilimbidi akope anunulie mbao za milango ambayo arabuni yake ilikwisha kuliwa. Nilikuwa chuoni wakati huo, nikamuuliza kwa upole ilikuwaje. Akaniambia, "Pesa ilikuwapo, mwanangu. Niliihesabu kwa mikono yangu." Na kweli ilikuwapo. Daftari lake lilikosa safu moja tu, ya kusema pesa hii bado ni ya nani.

Muuza samaki ana shida iliyo kinyume. Huyu hupokea kamba na samaki kwa wavuvi wa Kizingitini na Faza, akawalipa ufukweni, maana mvuvi hangoji. Kisha huwauzia wenye hoteli wanaolipa baada ya siku 30. Tuseme ananunua kwa 300,000 kwa mwezi na kuuza kwa 360,000. Mwezi wa kwanza taslimu inasema amepungukiwa 300,000. Malimbikizo yanasema amepata 60,000. Mwenye kutazama taslimu tu atadhani biashara imemshinda na kuiacha. Mwezi wa pili, kwa kuwa biashara ni nzuri, ananunua kwa 400,000. Zinatoka 400,000, zinaingia 360,000 za mwezi uliopita: amekua, na mkebe umezidi kupungua. Ukuaji hula pesa, na biashara nyingi za samaki zimekufa zikiwa na faida kwenye karatasi.

Kisha upepo unageuka. Kusi ikianza, bahari ya nje inachafuka, vyombo vidogo vinabaki ndani na samaki wanapungua. Mwezi huo mfanyabiashara ananunua kidogo sana, na wakati huo huo madeni ya mwisho wa kaskazi yanalipwa. Daftari la taslimu litauonyesha mwezi huo kuwa bora kuliko yote ya mwaka, mwezi ambao mizani imekaa haina kazi. Nimeona mtu akiongeza kijana wa kazi kwa kuamini mwezi wa namna hiyo. Kwa biashara inayofuata pepo mbili, taslimu bila malimbikizo inakupa majira yaliyopinduka.

Ila malimbikizo nayo yana hila yake kwa muuza samaki. Yanahesabu mapato ya pesa ambayo huenda isije. Hoteli ikifungwa, au meneja akibadilika na mpya akadai hajui ankara zako, ile 360,000 uliyoiandika kwa furaha ni karatasi. Kwa hiyo mwenye malimbikizo analazimika kupitia orodha ya wadaiwa wake kila mwezi, kuwapanga kwa umri wa deni, siku 30, 60, 90, na kutenga fungu la deni bovu. Hilo ni jambo la kukadiria, na makadirio yanaweza kuinamishwa na mwenye haja ya kuonekana tajiri mbele ya benki. Daftari la taslimu haliinami kirahisi, ingawa nalo huchezewa: lipa kodi ya pango ya Desemba tarehe 2 Januari, na mwaka wako umependeza bila kufanya lolote.

Nyumba za wageni sitazikalia sana, maana ni arabuni ile ile kwa sura nyingine. Mgeni analipa Agosti kwa ajili ya usiku wa Desemba. Mpaka alale, hiyo si mapato. Akighairi kwa masharti ya kurudishiwa, utairudisha, na ole wako kama ulikwisha pakia nayo chokaa ukutani.

Upande wa serikali, mambo mawili yanamgusa mwanafunzi anayesaidia nyumbani. Kwa Sheria ya Fedha ya 2023, biashara ambayo mauzo yake ya mwaka yanazidi shilingi milioni 1 na hayapiti milioni 25 hulipa kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3, kila mwezi, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi hii haitazami gharama. Kwa muuza samaki wetu, asilimia 3 ya 360,000 ni 10,800, ambayo ni asilimia 18 ya faida yake ya 60,000. Hutaiona asilimia 18 hiyo ikiwa hujui faida yako ni ngapi, na taslimu haikwambii. La pili ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Mauzo yanayotozwa VAT yakifika milioni 5 kwa mwaka, Sheria ya VAT ya 2013 inataka ujisajili na kutoza asilimia 16, na kodi huhesabiwa kuanzia tukio la kwanza kati ya kukabidhi, kutoa ankara na kupokea malipo, hata yakiwa ya sehemu. Soma tena orodha hiyo ukiwa na karakana akilini: samadari za Shela zinaanza kudaiwa VAT siku zilipokabidhiwa, kabla mwenye nyumba hajalipa, na arabuni inadaiwa VAT siku ilipopokelewa, kabla mlango haujachongwa. Sheria imekukamata pande zote mbili. Karakana ya ukubwa huo ikiendelea na daftari la pesa peke yake, itajikuta inadaiwa kodi ya pesa isiyokuwa nayo.

Mwanafunzi atakayeingia kwenye mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu, hana la kuchagua, kwa sababu viwango vya kimataifa vya kuandaa taarifa za fedha, IFRS, ambavyo Kenya ilivikubali mwaka 1999, vinataka malimbikizo kwa taarifa zote isipokuwa ile ya mtiririko wa fedha. Wala asidhani ni mambo ya makampuni makubwa tu. Kwa miaka mingi serikali kuu na kaunti zetu ziliandika hesabu kwa msingi wa taslimu, na mkandarasi aliyemaliza kazi bila kulipwa hakuhesabiwa kuwa gharama ya mwaka ule. Alibaki kwenye orodha ya madeni yasiyolipwa, mwaka hadi mwaka. Mwaka 2024 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuhamia malimbikizo. Kila aliyewahi kungoja malipo ya kazi ya kaunti anaelewa bila kufundishwa kwa nini hilo ni jambo kubwa.

Sasa kuchagua. Taslimu peke yake naishauri mahali ambapo mteja analipa akipokea, bidhaa haikai zaidi ya siku chache, na hakuna chombo cha bei kubwa ndani ya biashara. Mahamri, maji ya madafu, mboga za sokoni, boda ya kukodi kwa siku. Hapo daftari moja lenye safu tatu linatosha, na mwanafunzi asione haya kulipendekeza hata kama mhadhiri wake angependa kuona leja kumi.

Kikiingia kimojawapo cha vitu vitatu, yaani arabuni, mauzo ya deni au mali ya kudumu zaidi ya mwaka, taslimu peke yake itakudanganya, na nakushauri uende malimbikizo. Lakini si kwa namna wanafunzi wengi wanavyofanya, ya kutupa daftari la zamani na kuanza kumwandikia mzee maingizo ya malimbikizo kila siku. Nimeyaona yakifa kabla ya wiki ya tatu. Mzee hayasomi, na asichokisoma hatakiandika wewe ukirudi chuoni. Liache daftari la pesa liendelee kila siku kama lilivyo, kwa mkono wake. Wewe fungua kurasa nne nyuma: wanaotudai, tunaowadai, arabuni za watu, na vitu vilivyobaki, kama mbao na randa, pamoja na vilivyolipiwa mbele. Kila ukurasa una tarehe, jina, kiasi, na siku ya kumalizika. Mwisho wa mwezi chukua jumla ya daftari la pesa, pita kurasa zile nne, na uvuke daraja kama tulivyolivuka, kinyumenyume, kutoka 50,000 mpaka 31,000. Kwa karakana ya mafundi watatu kazi hiyo inachukua alasiri moja.

Ukilazimika kuanza na ukurasa mmoja kati ya hiyo minne, anza na wa arabuni. Deni unalomdai mtu utalikumbuka mwenyewe, maana linakuuma. Arabuni haiumi, inakaa mfukoni na kukubembeleza.

Yule binti alirudi kabla ya likizo kwisha. Alisema alikwenda kumwomba mamake radhi, na katika kuzungumza akaona juu ya kabati mkebe wa pili, wa maziwa ya unga, ambao hajawahi kuuona ukifunguliwa. Mamake alikuwa ameagizwa mahamri 800 ya harusi ya wiki inayofuata, na mwenye harusi alimpa 4,000 za kutanguliza. Pesa ilikuwa humo, pamoja na kipande cha karatasi chenye jina la mwenye harusi na tarehe. Binti alimuuliza kwa nini hakuiandika kwenye daftari pamoja na nyingine.

"Si yangu bado," mamake akamjibu. "Mpaka ale mahamri ndipo iwe yangu."